Bombay na Mabruki Si Mtu Mmoja: Historia Fupi ya Kusafisha Majina kwa Kompyuta



Mada ninayoileta safari hii itaonekana kavu mwanzoni, mambo ya mafundi wa kompyuta, lakini naomba mnivumilie mpaka mwisho, maanake inagusa majina ya babu zetu.

Wengi wetu sasa tunanakili makaratasi ya zamani. Yuko anayenakili orodha za wapagazi wa misafara, yuko anayenakili daftari za mahakama, wengine shajara za familia na barua za biashara. Tukishanakili tunayatia katika lahajedwali au hifadhidata, halafu inaanza kazi ya kusafisha. Hapo ndipo zinapoingia fanksheni za mfuatano wa herufi: kata herufi tatu za kushoto, toa nafasi zilizozidi, tafuta hiki uweke kile, tenga jina la kwanza na la mwisho, linganisha majina mawili useme kama ni jina moja. Kazi hii watu huiona kama kufagia uwanja tu, yaani haina fikra ndani yake. Mimi nasema ina fikra nyingi, ila fikra zenyewe ni za watu wengine, waliozitengeneza zana hizi kwa ajili ya majina yao na maandishi yao. Anayezitumia bila ya kuijua historia yake anaweza kumfuta mtu katika historia asitambue kama amemfuta.

Tuanze na zana kongwe kuliko zote, nayo ilikuwepo kabla ya kompyuta.

Mwaka 1918 Robert C. Russell wa Pittsburgh, Marekani, alipewa hataza ya njia ya kupanga majina kwa sauti badala ya herufi, na akapewa nyingine mwaka 1922. Jina la Margaret K. Odell hutajwa pamoja naye katika kazi hiyo. Njia yenyewe inaitwa Soundex. Shida yao ilikuwa ya kweli. Marekani ilikuwa imejaa wahamiaji, na karani mmoja huandika Smith, wa pili Smyth, wa tatu Schmidt. Utampataje mtu wako ndani ya kabati lenye kadi laki kadhaa? Katika sura yake iliyoenea baadaye, kanuni ni hizi: bakisha herufi ya kwanza, tupa irabu zote pamoja na h, w na y, kisha konsonanti zinazokaribiana kwa sauti zipe namba moja. B, F, P na V ni 1. C, G, J, K, Q, S, X na Z ni 2. D na T ni 3. L ni 4. M na N ni 5. R ni 6. Namba zinazofanana zikifuatana bila irabu kati yake huhesabiwa mara moja. Chukua namba tatu za mwanzo, na zikipungua jaza sifuri. Kwa hiyo Smith, Smyth na Schmidt wote wanatoka S530, na kadi zao zinakaa pamoja.

Njia hii ilipata kazi kubwa katika miaka ya 1930. Sheria ya hifadhi ya jamii ya Marekani ilipitishwa 1935, na ghafla watu walihitaji ushahidi wa umri wao ili wapate malipo ya uzeeni. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ushahidi ulikuwa kwenye daftari za sensa, basi serikali ikawaajiri watu waliokosa kazi kuandika kadi za faharasa kwa Soundex. Ile ya sensa ya 1880 iligusa nyumba zenye watoto wa miaka kumi au chini yake tu, maana hao ndio waliokuwa wanakaribia umri wa kulipwa. Nimelitaja hili kwa sababu linatufundisha jambo: faharasa haikutengenezwa kwa ajili ya mwanahistoria. Ilitengenezwa kwa shughuli maalumu ya ofisi, na mwanahistoria akaja kuikuta.

Mpaka leo Soundex imo ndani ya programu kubwa za hifadhidata, ni amri ya neno moja tu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Zanzibar au Muscat anayetaka kuunganisha majina yanayofanana anaipata mkononi bila ya kuambiwa ilizaliwa wapi. Hebu tuipime kwa majina yetu.

Khamis anatoka K520. Hamisi anatoka H520. Jina ni moja, mtu anaweza kuwa mmoja, lakini kwa sababu herufi ya kwanza haiguswi, mashine inawaweka katika makabati mawili tofauti. Ndivyo ilivyo kwa Khalfan na Halfani, Khadija na Hadija, na pia kwa Othman na Athumani, ambaye mmoja ni O355 na mwingine A355. Sasa geuza upande wa pili. Hassan ni H250, na Hussein ni H250. Kila mtu wa pwani anajua kwamba pacha wa kiume hupewa majina haya mawili, na mashine inasema hao ni mtu mmoja! Mohamed ni M530, Mahmoud naye M530. Salum ni S450 na Salma ni S450, mwanamume na mwanamke wamekuwa kitu kimoja.

Kwa nini iwe hivi? Kwa sababu Soundex ilidhani kwamba uzito wa jina uko katika konsonanti ya kwanza na kwamba irabu ni pambo tu. Kwa majina ya ukoo ya Ulaya dhana hiyo haikuwa mbaya. Kwa majina yenye asili ya Kiarabu ni balaa, maana huko shina ni konsonanti tatu, na irabu ndizo zinazomtenga Hamad na Hamoud.

Na huo si mfano wa kubuni. Seyyid Hamad bin Thuwaini alitawala Zanzibar kuanzia 1893 mpaka alipofariki Agosti 1896. Baada ya zile siku mbili tatu za Khalid bin Barghash na mizinga ya Waingereza, aliyekalishwa kitini ni Seyyid Hamoud bin Mohammed, akatawala mpaka 1902. Wote wawili ni H530. Anayesafisha barua za miaka ile kwa Soundex atapata Sultani mmoja aliyetawala tangu 1893 hadi 1902, na Amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba itaweza kuwekwa jina la mtu aliyekwisha kufa mwaka mmoja nyuma. Bahati nzuri masultani wanajulikana, kosa kama hilo litaonekana. Matatizo yako kwa wale wasiojulikana.

Ndiyo maana nimewataja Bombay na Mabruki katika kichwa cha habari. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao, alichukuliwa utumwani akiwa mdogo akafikishwa India, akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Alifuatana na Burton na Speke katika safari ya 1857 hadi 1859, akaenda na Speke na Grant 1860, akawa nahodha wa msafara wa Stanley 1871, kisha akavuka bara na Cameron mpaka pwani ya Atlantiki. Mabruki, ambaye baadaye wazungu walimwita Mabruki Speke, naye alikuwemo katika safari ile ile ya 1857, na alikuwemo pia kwa Stanley 1871. Watu wawili, misafara ile ile, vitabu vile vile. Mubarak kwa Soundex ni M162. Mabruki kwa Soundex ni M162. Yote mawili yanatoka kwenye shina moja la Kiarabu, b-r-k, lenye maana ya baraka, na kwa hivyo hata mtu mwenye elimu ya Kiarabu anaweza kushawishika kwamba ni jina moja lililoandikwa vibaya.

Mwaka 1975 Donald Simpson, mkutubi mjini London, alitoa kitabu kuhusu Waafrika waliofuatana na wasafiri wa Kizungu, na akawakusanya kwa majina mmoja mmoja. Kazi ile aliifanya kwa kusoma: huyu alikuwa wapi mwezi fulani, alilipwa na nani, alitajwa pamoja na nani. Fikiria sasa kazi hiyo hiyo ikifanywa na mashine kwa dakika mbili, na wapagazi elfu wakawa mia saba. Mia tatu wamekwenda wapi? Hawakufa njiani. Wamefutwa na fanksheni. Na hao ni watu ambao mara nyingi hawana kumbukumbu nyingine duniani ila ule mstari mmoja: jina, mshahara, na pengine alama ya dole gumba.

Baadaye ilikuja njia nyingine. Mwaka 1965 Vladimir Levenshtein wa Urusi ya Kisovieti alieleza namna ya kuhesabu umbali baina ya mifuatano miwili ya herufi: ni herufi ngapi uongeze, uondoe au ubadilishe ili moja iwe nyingine. Hii ni bora kwa kuwa haiabudu herufi ya kwanza. Kutoka Khamis kwenda Hamisi ni hatua mbili, unaondoa k na kuongeza i. Vizuri. Lakini kutoka Salim kwenda Salma nako ni hatua mbili. Umbali ni ule ule, ila jozi ya kwanza ni jina moja na jozi ya pili ni baba na binti yake. Hesabu ni sahihi kabisa, kilichokosekana ni mtu anayejua majina.

Sasa tuache majina kidogo tutazame maandishi marefu, maana zana za huko zina historia yake, nayo inachekesha kwa namna inavyotukaribia sisi.

Padri Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alikwenda kuonana na Thomas J. Watson wa IBM mwaka 1949. Alitaka kuorodhesha kila neno la Thomas Aquinas, kiasi cha maneno milioni kumi na moja. Kazi ilianza kwa kadi za kutobolewa, na waliozitoboa walikuwa hasa wasichana wa Kiitaliano, ambao majina yao hayakutiwa maanani mpaka miaka ya karibuni. Juzuu zilianza kuchapishwa 1974, zikafika 56. Busa aligundua mapema kwamba mashine haijui kuwa maumbo mbalimbali ya kitenzi kimoja ni neno moja. Ilibidi binadamu awaongoze.

Kwa Kilatini mabadiliko mengi yako mwishoni mwa neno. Kwetu sisi yako mbele na nyuma pia. Mtu akijaribu kupata mashina ya Kiswahili kwa kukata herufi za mwanzo, atakata wa- kwenye watu apate -tu, afurahi. Halafu atakata wa- kwenye wali apate li, na chakula kimepotea. Ndiyo sababu Arvi Hurskainen wa Helsinki, alipoanza mwaka 1985 kutengeneza programu ya kuchambua Kiswahili, hakutegemea kukata mifuatano ya herufi. Alijenga kamusi kamili na kanuni za maumbo, kwa kufuata nadharia ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi ya 1983. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki. Somo lake ni lile lile: ujuzi wa lugha hautoki kwenye fanksheni, unatiwa na mtu.

Kwa upande wa pili, fanksheni za kutafuta ruwaza zina asili ya kushangaza. Nadharia yake ni ya mwanahisabati Stephen Kleene, aliyeiandika 1951 ikachapishwa 1956, naye alikuwa anafikiria mitandao ya neva za ubongo, wala si maandishi. Mwaka 1968 Ken Thompson akaonyesha jinsi ya kuitumia kutafutia maneno kwenye kompyuta. Halafu ikazaliwa grep, mwaka 1973. Brian Kernighan, aliyekuwa nao pale Bell Labs, ameeleza chanzo chake: mwenzao Lee McMahon alitaka kuchunguza zile makala 85 za 1787 na 1788 za kutetea katiba ya Marekani, zilizotolewa kwa jina moja la kubuni ingawa waandishi walikuwa watatu. Alitaka kujua nani kaandika ipi. Makala zilikuwa kubwa mno kwa programu ya kuhariri waliyokuwa nayo, basi Thompson akaitoa sehemu ya kutafuta akaifanya chombo peke yake. McMahon mwenyewe baadaye akatengeneza sed, cha kubadilisha maandishi mstari kwa mstari. Yaani zana inayotumiwa leo na kila fundi duniani ilichochewa na swali la historia: nani mwandishi wa maandishi haya?

Na Perl, lugha iliyozifikisha ruwaza hizi kwa watu wengi tangu 1987, mtungaji wake Larry Wall alisomea isimu. Yeye na mkewe walikusudia kutafuta lugha isiyoandikwa, pengine ya Afrika, waitungie maandishi na kuitafsiria Biblia. Afya ilizuia safari. Basi badala ya kuja kutuandikia lugha akatengeneza lugha ya kompyuta. Sijui kama tumshukuru au tusikitike!

Haya, na sisi wenyewe? Kiswahili kimewahi kusafishwa, tena kabla ya kompyuta. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya makoloni ikaundwa 1930. Vitabu vikapitiwa, tahajia zikasawazishwa. Kazi ilikuwa kubwa na faida zake tunazila mpaka leo. Mojawapo ni kwamba maandishi yetu ya Kilatini hayana nukta wala vistari juu ya herufi, kwa hiyo yaliingia bila shida katika msimbo wa kompyuta wa 1963 wenye nafasi 128 tu. Lakini usafi una gharama. Maandishi ya Kilatini ya zamani yana khabari na kheri. Siku hizi ni habari na heri. Kwa njia hiyo hiyo Khamis akawa Hamisi kwa wengine na akabaki Khamis kwa wengine, na ndiyo ile K520 na H520. Na maandishi yetu ya herufi za Kiarabu, ambayo ndiyo makongwe, yalikaa nje ya mlango wa kompyuta kwa miaka mingi. Unicode, iliyoanza kutoka 1991, iliyapa nafasi, ila tatizo la usomaji liko pale pale: alama za irabu ni tatu na irabu zetu tano, na katika uandishi wa zamani herufi moja ya b huweza kusomwa b, p au mb. Hapo fanksheni haiwezi chochote. Anasoma mtu.

Hata ile alama ndogo, ritifaa ya ng'ombe, ni mtihani. Programu za kuandikia hubadilisha ritifaa iliyonyooka ikawa iliyopinda, na nyingine huigeuza upande. Kwa jicho ni ng'ombe yule yule. Kwa kompyuta ni misimbo tofauti, na ukitafuta mmoja huwapati wengine. Mbaya zaidi, programu nyingi zinaihesabu alama ile kuwa ni mwisho wa neno, zikakuletea ng peke yake na ombe peke yake. Anayehesabu maneno ya Kiswahili bila ya kulitengeneza hili kwanza atapata ombe nyingi asizojua zimetoka wapi.

Sasa niseme kuhusu mpangilio wa kazi, maana hapa wengi huharibu. Chukua mafaili ya Mjerumani. Wao waliandika Bagamojo kwa Bagamoyo, Udjidji kwa Ujiji, Moschi kwa Moshi, Aruscha kwa Arusha, Kilimandscharo kwa Kilimanjaro. Unataka kusawazisha. Ukianza kwa kubadilisha j kuwa y, Bagamoyo imepona, lakini Udjidji imekuwa Udyidyi. Ukianza kwa kubadilisha dj kuwa j, umepata Ujiji. Ukifuatisha j kuwa y, Ujiji yako imekuwa Uyiyi. Ukibadilisha sch kuwa sh, Moshi na Arusha zimekaa sawa, ila mlima umekuwa Kilimandsharo. Dawa yake: anza na mfuatano mrefu kuliko yote, yaani dsch, uibadilishe iwe alama ya muda isiyotumika popote, halafu sch iwe sh, dj nayo iwe alama ile ile ya muda, kisha j iwe y, na mwisho alama ile irudishwe kuwa j. Kanuni zile zile, kwa mpangilio tofauti, zinatoa ramani tofauti. Na usijaribu kubadilisha s kuwa z kila mahali ili Muansa iwe Mwanza, maanake Saadani itakuwa Zaadani.

Nimebakisha la mwisho, nalo ndilo zito: kutenga jina la kwanza na la mwisho. Fanksheni ya kawaida inatafuta nafasi ya mwisho katika jina, inachukua neno lililobaki kulia, inaliita jina la ukoo. Mfano wa majina ya kubuni: Salim bin Juma bin Khamis ana mtoto, Ali bin Salim bin Juma. Mashine inamwandika baba katika ukoo wa Khamis na mtoto katika ukoo wa Juma. Umepanga kwa ukoo? Baba na mwana wametengana, na kila kizazi kitatengana hivyo hivyo. Wenye jina la kabila nao hawasalimiki: Al-Barwani, Al Barwani, El-Barwani, Elbarwani na Barwani kwa mashine ni mifuatano mitano tofauti.

Jambo hili kwetu si la nadharia. Baada ya mapinduzi ya 1964 familia moja ilitawanyika: wengine Oman, wengine nchi za Ghuba, wengine Uingereza, wengine wakabaki Unguja au wakaenda bara. Kila ofisi ya uhamiaji ikaandika kwa mtindo wake. Mmoja kapewa Al mbele ya jina, mwingine kaondolewa, wa tatu jina la babu yake limegeuzwa ukoo kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi mbili tu. Sasa wajukuu wanatafutana. Wanafungua orodha, wanaandika jina, mashine inasema hayupo. Naye yupo, mstari wa tatu chini, kwa tahajia nyingine. Kwa mtu anayedai mirathi, au anayetaka kujua kaburi la nyanya yake liko wapi, hilo si kosa dogo la herufi.

Majina yetu ni mnyororo, basi yashughulikiwe kama mnyororo. Badala ya kukata nafasi ya mwisho, kata palipo na bin, binti, bint, wadi au b. yenye nukta, uweke kila pete katika safu yake. Halafu tafuta pete mbili zinazofuatana zinazopatikana katika majina mawili: Salim bin Juma imo kwa baba na imo kwa mwana. Pete moja ikigongana ni bahati, akina Juma wako wengi. Mbili zikigongana ni dalili. Tatu zikigongana, pamoja na mji na miaka inayokubaliana, hapo una sababu ya kuuliza wazee. Nasema kuuliza, sisemi kuhitimisha.

Kwa kufupisha, anayeanza kazi hii naomba ashike mambo manne.

1. Safu ya asili isiguswe kamwe. Nakili kama karani alivyoandika, pamoja na makosa yake, halafu fanya usafi katika safu ya pembeni. Kosa la karani nalo ni ushahidi: linaweza kukuambia alisikia nini, na alikuwa Mjerumani, Mhindi au Mwarabu.

2. Andika kila badiliko na mpangilio wake. Mtu wa baada yako aweze kurudi nyuma hatua kwa hatua. Usafi usioweza kurudishwa ni ufutaji.

3. Usiunganishe watu, waoneshe uhusiano tu. Sema huyu huenda ndiye yule, na utoe sababu. Ukishawafanya mstari mmoja, hakuna atakayejua kwamba walikuwa wawili.

4. Tengeneza orodha yako ya majina yanayolingana. Khamis na Hamisi, Othman na Athumani, Ramadhani na Ramazani. Orodha ya majina mia mbili iliyoandikwa na mtu wa pwani itakusaidia kuliko Soundex.

Hiyo ya nne ndiyo ninayoona tunaweza kuifanya sisi hapa, kwa sababu kila mmoja wetu anazijua tahajia za kwao: za Lamu si za Mombasa, za Pemba si za Kilwa, na za Bukavu au Bujumbura zimepitia mkono wa Mbelgiji na Kifaransa chake. Hakuna kampuni ya kompyuta itakayotufanyia, na wanaoyajua majina haya kwa sauti zake wanazidi kupungua kila mwaka. Anayejua kwamba Mabruki hakuwa Bombay aandike, na aeleze amejuaje.

Naomba kuwasilisha. Mwenye zaidi atuongezee, na mwenye pingamizi alete.